Redio Kumi na Moja Rafuni

Machi 3

Naanza daftari hili kwa sababu kitabu cha zamu kimeanza kusema uongo, na mwandishi wa uongo huo ni mimi.

Leo asubuhi meneja wa kanda alipiga simu. Huku kileleni, kwenye mnara wa redio, simu hukamata getini tu, kwa hiyo nilizungumza naye nimesimama kwenye manyunyu.

"Fundi, Bunge limetukata ruzuku. Dizeli yako itakuwa nusu."

"Basi niwashe nusu siku?"

"Thubutu! Ukizima watu watapiga kelele. Usizime. Punguza nguvu tu. Endesha mtambo kwa robo."

"Robo haifiki bondeni, bosi."

"Itafika kidogo kidogo."

"Na kitabuni niandike nini?"

Akakohoa. "Andika nguvu kamili. Kamati ya Bunge inapitia vitabu vya vituo vyote mwaka huu, na sisi tumeshawaambia tunafika nchi nzima. Tukikiri hatufiki, watasema fedha ya wananchi inaliwa bure, watatukata tena. Umenielewa, mzee wangu?"

Nilimwelewa. Nimebakiza miezi sita nistaafu, na mtu wa miezi sita huelewa upesi.

Machi 4

Mvua. Nguvu robo. Nimeandika kamili.

Machi 5

Vivyo hivyo.

Machi 8

Mkono ulizoea siku ya tatu. Siku ya kwanza niliiandika ile "kamili" nikainua kalamu na kutazama mlangoni, kana kwamba kuna mtu wa kunikamata. Nani? Mwenzangu wa zamu alipunguzwa mwaka jana. Kitanda chake bado kimetandikwa, nakikung'uta vumbi kila Jumapili bila sababu. Mama watoto alikwenda mjini kwa wiki mbili tu, kumsaidia binti yetu na kichanga. Kichanga hicho sasa kinahesabu hadi ishirini.

Hapa tupo mimi, jenereta, mnara, na sauti ya msomaji wa habari ambaye hajui kama nipo.

Machi 11

Nimeshuka sokoni, mwendo wa saa moja na nusu. Nilitegemea mtu angenishika shati aniulize, "Nyie watu wa redio, mbona hamsikiki?" Nilikuwa nimeandaa na jibu. Hakuna aliyeniuliza. Redio ya mwenye duka ilikuwa imezimwa, imegeuziwa uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Watu wameingiwa na wazimu wa betri," akaniambia. "Katoni mbili zimekwisha kwa wiki moja. Wengine wanazianika juani, jua lenyewe liko wapi?"

Nikacheka naye. Nilikuwa nimefika katikati ya mlima nilipoelewa, nikasimama. Mawimbi yakipungua nguvu, redio hukoroma na sauti huwa ndogo, sawasawa na betri zinapochoka. Na kila nyumba husikia tofauti: huyu kidogo, yule mkoromo mtupu. Kila mmoja anasikiliza ya jirani, anaona yake ndiyo mbovu, anaona haya, ananunua betri.

Kwa hiyo wanasikiliza. Miaka kumi na tisa nimekaa juu ya vichwa vyao nikijiuliza kama wanasikiliza. Niliona aibu, na papo hapo nilifurahi. Nayaandika yote mawili kwa sababu hapa sidanganyi.

Machi 17

Leo nimepata mgeni.

"Hodi, mwenye mnara!"

Ni yule mshonaji wa kando ya mto, mjane, mrefu, mwenye tepu ya kupimia shingoni hata akipanda mlima. Alikuwa amefunga redio kwenye kanga, ndani ya mfuko wa nailoni.

"Imeshikwa na kikohozi," akasema. "Nimeibadilishia betri mara tatu. Mimi bila redio cherehani haiendi, Fundi. Miguu inakosa mwendo."

Niliiwasha. Huku juu, chini ya mnara, hata bati lingeimba. Ikasema wazi, kila neno.

Mshonaji akafungua macho. "Kumbe ilikuwa inataka kuletwa kwao!"

Hapo ndipo ningesema. Dada, redio yako nzima, mgonjwa ni mimi. Badala yake nikachukua bisibisi. "Ina kitu ndani," nikasema. "Kaa kidogo nikuangalizie."

Nilifungua parafujo nne, nikapuliza vumbi, nikazifunga. Kazi ya dakika tano niliifanya kwa saa mbili. Alikaa kwenye kitanda cha mwenzangu akanisimulia bwana harusi aliyenenepa kati ya kupimwa na kuvaa. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Alipotaka kulipa nilikataa, akaniita mtu wa watu.

Lakini akishuka nayo itakoroma tena. Basi jioni, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili, nilipandisha mtambo hadi nguvu kamili. Kwa ajili yake.

Machi 18

Jioni nimepandisha tena.

Machi 24

Mdomo wa mshonaji una masafa marefu kuliko mtambo wangu. Leo wamekuja watano, kila mtu na redio yake kwapani. Nimefungua, nimepuliza, nimefunga. Mkunga mmoja mzee alinishika kichwa akanibariki.

Kila jioni saa mbili za nguvu kamili, wasije wakaniona fundi uchwara.

Aprili 2

Amekuja mdogo wake mshonaji, mchoma matofali. Mvua imemkamata na tanuri zima ambalo halijauzika, sasa analala hukohuko ukingoni mwa mto kulilinda hadi barabara ikauke na lori lifike. Redio yake imefungwa mpira wa baiskeli ili isisambaratike.

"Dada anasema una mkono wa dawa," akasema. "Mimi naona dawa yenyewe inamchelewesha kurudi. Akitoka hapa anashona huku anaimba."

"Wewe na ulimi wako."

"Shemeji, mimi sijasema kitu!"

Shemeji! Kijana wa miaka thelathini, tope hadi magotini, ananitania kama tumekua pamoja. Sijaitwa jina la kuudhi hivyo siku nyingi. Nilimpa chai, akanywa vikombe vitatu. Alipoinuka aliuliza, "Niisubiri au nije kesho?"

"Iache. Yako ina kazi."

Haikuwa na kazi yoyote. Nilitaka arudi.

Aprili 6

Amerudi. "Bado," nikamwambia. Amekaa hadi adhuhuri. Ananifundisha kucheza karata kwa wizi.

Aprili 9

Nimepima tangi kwa kijiti. Zile saa mbili za jioni zinakunywa dizeli kuliko mchana wote. Nikiendelea hivi haitafika mwisho wa mwezi.

Nimeamua asubuhi niteremke chini ya robo. Asubuhi nani anasikiliza? Wako mashambani. Hivi ndivyo nilivyojiambia.

Aprili 14

Redio kumi na moja rafuni. Zote nzima. Wenyewe nawaambia vipuri vimeagizwa.

Aprili 15

Binti amepiga. "Baba, sauti yako imechangamka, umeoa nini?" Tukacheka. Nikauliza kama mama yake yupo karibu. Yupo, anamwogesha mtoto. Nikasema msalimie.

Aprili 18

Siku ya sita mvua haijapumua. Barabara imekatika, dizeli ya mwezi ujao iko njiani tangu juzi. Nguvu chini ya robo. Nimeandika kamili.

Aprili 20

Mchoma matofali alipanda na mvua yote ile. "Shemeji, nipe redio yangu hata kama mgonjwa hajapona. Kule tanurini upweke utaniua."

Nilikuwa nimeitenganisha mezani ili ionekane ina kazi. "Kesho," nikasema. "Kesho bila shaka."

Aprili 21

Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia nimeuumiza. Nitaandika yote, moja baada ya jingine.

Saa moja kamili asubuhi, badala ya habari, msomaji alisoma onyo. Bwawa la juu limefunguliwa milango yote. Wakazi wote wa kando ya mto wahame sasa hivi, maji yatafika bondeni baada ya saa mbili. Akarudia. Sauti ilikuwa wazi kabisa. Ilijaa chumba kizima na haikwenda popote zaidi ya hapo.

Nilikimbilia mtambo nikapandisha hadi nguvu kamili. Jenereta lilinguruma, likakohoa, likazima. Kijiti kilionyesha vidole viwili vya dizeli, na vidole viwili vya mwisho ni matope. Lilipoanza kuvuta kwa nguvu lilivuta takataka za chini, chujio likaziba.

Sasa hata ile robo haikuwapo.

Nilifungua chujio. Hili ndilo kosa ninalolirudia kichwani tangu asubuhi. Ningeacha kila kitu nikateremka mbio. Lakini mimi ni fundi, chombo kikizima mikono yangu huenda kwenye chombo. Nilisafisha, nikafunga, nikawasha, likazima. Nikasafisha tena. Nusu saa na ushei. Rafuni zile redio kumi na moja zilinitazama.

Nikakimbia getini na simu. Nina namba nane. Sita za shirika, moja ya binti, moja ya mama watoto. Miaka kumi na tisa juu ya bonde hili na sina namba ya mtu hata mmoja wa bondeni. Wamekunywa chai yangu mwezi mzima, sikuwahi kuwauliza. Nikampigia meneja.

"Washa mtambo!" akapiga kelele.

"Hauwaki, bosi."

"Washa, Fundi, washa!"

Nilikata simu nikateremka. Nilianguka mara nne, mara ya tatu ndiyo niliyovunja kifundo cha mkono. Nilipiga kelele njia nzima, "Maji! Hameni! Maji!" na mvua ikazila kelele zangu. Kwenye kona ya mwisho nikakutana na watu wanapanda: mwenye duka na madaftari yake ndani ya shati, watoto, mkunga amebebwa mgongoni. Maji yalikuwa yameshafika. Waliyasikia kwa masikio yao, yakija.

Mshonaji alikuwa amesimama kwenye uwanja wa shule, tepu bado shingoni.

"Umemwona mdogo wangu?" akaniuliza.

Pale palipokuwa na tanuri palikuwa na maji mekundu.

Aprili 22

Wamempata. Na kibarua aliyekwenda kumsaidia asubuhi ile pia. Mwenye duka, aliyemwona wa mwisho, anasema walikuwa wanahamisha matofali kwenye mwinuko, moja moja, bila haraka.

Aprili 23

Nimezika nikiwa nyuma ya watu wote.

Aprili 24

Dizeli imefika. Mapipa manne. Yanatosha miezi miwili.

Aprili 25

Meneja amekuja mwenyewe na viatu vya mpira. Katika kitabu cha zamu tarehe ishirini na moja ilikuwa tupu. Akakiweka mbele yangu.

"Onyo lilitoka studio saa moja hadi saa tatu. Hilo ni kweli, limerekodiwa. Wewe andika tu lilipokelewa na kurushwa. Nguvu kamili."

"Bosi, watu wamekufa."

"Ndiyo maana. Fundi, tukisema vingine hawa wanasiasa watalifunga shirika lote. Watu elfu mbili wanakula hapo. Na wewe kiinua mgongo chako kimebaki miezi minne. Waliokufa hawatafufuka kwa saini yako."

Nikaandika kwa mkono wa kushoto. Saini ikatoka kama ya mtoto.

Aprili 29

Hakuna anayepanda. Redio kumi na moja. Nimeigeuza ya mchoma matofali ikatazama ukuta.

Mei 6

Kamati ya Bunge inakuja bondeni tarehe kumi na nne, itakaa shuleni. Watu wamelalamika hawakupata onyo. Shirika limejibu kwamba walipata. Meneja ameniletea karatasi ya majibu, nikariri.

Mei 12

Nimempigia mama watoto. Nikamweleza yote, tangu Machi. Hakunikatiza. Nikamwuliza nifanye nini.

"Unaniuliza mimi?" akasema. "Baba watoto, unajua kwa nini sikurudi? Nilikaa na wewe huko juu miaka kumi na sita. Asubuhi hadi usiku redio inasema, wewe husemi. Leo ndiyo mara ya kwanza umenieleza kitu kutoka mwanzo hadi mwisho."

"Nitapoteza kiinua mgongo."

"Kaseme," akasema. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Mei 14

Darasa la saba, madawati yamesukumwa nyuma. Kamati watu watano, mwenyekiti mama mwenye miwani iliyofungwa uzi. Meneja upande wa kulia na mafaili. Watu wa bondeni wamejaa hadi madirishani.

Mwenye duka alisema hakusikia onyo. Mkunga akasema hakusikia. Wa tatu, wa nne. Kila mmoja alipomaliza, mwenyekiti aliuliza, "Redio yako ilikuwa nzima?" na kila mmoja akainamisha kichwa. Ilikuwa inakoroma, mheshimiwa. Betri. Ilikuwa kwa fundi.

Kisha akasimama mshonaji, amevaa nguo ya msiba.

"Mimi sina maneno mengi," akasema. "Nimekuja kwa sababu nasikia mnamtafuta wa kumlaumu. Msimguse Fundi. Katika shirika lote hilo huyu peke yake ndiye aliyetujali. Ametutengenezea vyombo vyetu vibovu bila kuchukua hata senti. Mdogo wangu aliacha redio yake kwake, hakuwahi kuichukua. Ndiyo bahati yake. Kosa ni la vyombo vyetu, mheshimiwa. Ni umaskini wetu."

Watu wakasema, "Kweli." Nilitamani sakafu ipasuke.

Mwenyekiti akanigeukia na kitabu cha zamu. "Kinasema onyo lilirushwa kwa nguvu kamili kuanzia saa moja hadi saa tatu. Saini ni yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa."

Akaandika kitu. Meneja akaanza kufunga faili. Ilikuwa imekwisha, nilikuwa nimepona.

"Lakini hicho kitabu ni cha uongo," nikasema. "Cha kweli ni hiki."

Nikatoa daftari. Nikasoma tangu Machi 3. Nilisoma robo, nikasoma mwendo wa sokoni, nikasoma bisibisi na vumbi na zile saa mbili za jioni. Nikasoma "haikuwa na kazi yoyote, nilitaka arudi." Nilisoma kama anavyosoma msomaji wa habari, bila kuinua macho, kwa sababu ningeinua nisingeweza. Nilipofika kwenye vidole viwili vya dizeli nilipoteza mstari, nikautafuta kwa kidole, nikaendelea.

Nilipomaliza mwenyekiti alimuuliza meneja, "Kwa nini hamkutuambia kwamba hamfiki?"

"Mheshimiwa, mngetukata zaidi."

Mama yule akavua miwani. "Ndugu yangu, tuliwakata kwa sababu ya vitabu vyenu. Kila mwaka mnaandika kamili, kamili, kila kituo. Tukasema hawa wanaweza kwa hicho wanachopata." Wenzake wakatazama mezani. Nao walikuwa wameamini kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi. Hata mmoja wao hakuwahi kuja bondeni na redio mkononi akaiwasha.

Nilitafuta uso wa mshonaji. Alikuwa ameshatoka.

Mei 15

Karani wa kamati amepiga picha kurasa zote na kunirudishia daftari. Meneja amesimamishwa. Mimi nimesimamishwa. Kiinua mgongo kinangoja uamuzi.

Mei 19

Fundi mpya amewasili, na kamati imeamuru mtambo uendeshwe kwa nguvu kamili, dizeli iletwe yote, na kila mwezi kijiji kitie saini kitabu cha zamu pamoja na fundi. Jambo jepesi hivyo. Nimemkabidhi funguo. Nimemwambia achukue namba za watu wa chini, aanze na mwenye duka.

Mei 20

Nimezifunga redio zote kumi na moja kwenye shuka la kitanda cha mwenzangu, nikazibeba mgongoni hadi bondeni. Nimepita nyumba kwa nyumba. Wengine walipokea wakafunga mlango. Mkunga hakutoka, alimtuma mjukuu. Mwenye duka alisema, "Kumbe na zile betri, Fundi?" Nikasema na zile betri. Akaingia ndani.

Ya mchoma matofali niliiacha ya mwisho. Mshonaji sasa amepanga chumba nyuma ya shule. Cherehani imekaa mlangoni, matope bado kwenye mguu wake. Alikuwa akishona, hakuacha. Nikaiweka mezani. Nilikuwa nimeirudishia mpira wake wa baiskeli, nimeufunga vilevile alivyokuwa ameufunga yeye.

Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno. Akaivuta redio, akaiwasha. Ikasema wazi, saa nne asubuhi, habari za bei za mazao. Akaisikiliza hadi mwisho wa habari.

"Ulipoifungua," akaniuliza, "ulikuta nini?"

"Sikukuta kitu. Ilikuwa nzima."

"Tangu siku aliyoileta?"

"Tangu siku ile."

Akatikisa kichwa polepole. Akaizima, akaifunga kwenye kanga, ileile aliyokuja nayo Machi. Nilisimama pale nikingoja anitukane. Ningefurahi kutukanwa.

"Nenda, Fundi," akasema. "Nina kazi."

Nimefika barabarani na kukaa juu ya begi langu kusubiri basi la mjini. Nimesubiri muda mrefu. Cherehani yake nilikuwa naisikia kutoka pale nilipokaa, inakwenda kidogo, inasimama, inakwenda kidogo. Redio hakuiwasha.